Barua Iliyofungwa Kwenye Leso

Harufu ndiyo iliyonisimamisha. Nilikuwa natoka sokoni Lindi, kikapu mkononi, nimetumwa samaki changu na ndimu, na njia ya kurudi nyumbani kwa mjomba naijua hata nikifumba macho. Lakini pale ambapo zamani palikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, mtu alikuwa anakaanga kahawa. Si ile kahawa chungu ya barazani, ya birika la dele na kashata, niliyokua nayo. Hii ilikuwa harufu ya Mbinga, ya Moshi, ya Mbeya, harufu ya kila mji niliowahi kuuhama, na yote imenifuata mpaka kwenye mlango mmoja wa Lindi. Nikaganda hapo. Mzee mmoja wa mkokoteni akapunguza mwendo.

"Dada, umepotea?"

"Sijapotea!" nikamjibu, kwa sauti kubwa kuliko swali lake.

Mlangoni palikuwa na tangazo, limeandikwa kwa kalamu nene. Anahitajika mhudumu. Leta barua ya maombi, iandikwe kwa mkono wako mwenyewe, isichapwe steshenari. Eleza kwa nini unataka kufanya kazi hapa. Mwisho Alhamisi.

Nililisoma mara mbili. Hapo kwenye steshenari nikacheka, maana steshenari zetu zina barua moja tu, wanabadilisha jina na tarehe, na mji mzima tumeshawahi kuituma. Mwenye mgahawa huyu alikuwa mgeni, lakini alishatujua. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa msichana aliyeitwa jina lake mkutanoni. Nikaenda nyumbani karibu ninakimbia, na ndimu za kununua njiani nikazisahau.

Lazima nieleze nilikuwa nimefikaje pale. Mimi ni mtu wa kuondoka. Nilimaliza kidato cha nne hapa hapa Lindi, na wiki ile matokeo yalipotoka nilikuwa nimeshapanda gari. Tangu hapo nimechuma kahawa Mbinga, nimeosha glasi Moshi, nimepika chapati kwenye kantini ya bandari Tanga, nimehudumia wageni Arusha kwenye mgahawa wenye mashine ya kahawa inayopumua kama ng'ombe. Kote huko nilikuwa nikiwasimulia watu habari za Lindi. Niliwasimulia jinsi bahari inavyokaa mwisho wa kila mtaa kama mtu wa nyumbani, mpaka wakawa wananiuliza, "Sasa kwa nini uliondoka?" Nami nikirudi Lindi, mwezi haujaisha naanza kuwasimulia watu habari za Moshi. Mjomba alikuwa ananiita Kiguu na Njia, na hakuwa ananionea.

Safari hii nilirudi msimu wa korosho, nikaenda kwanza Rutamba kumsaidia mama kuokota, kisha nikashuka mjini kwa mjomba. Begi langu lilikuwa chini ya kitanda, halijafunguliwa zipu kubwa. Rafiki niliyefanya naye kazi Mbeya alikuwa amefungua hoteli ya chakula Songea na alikuwa ananishikia nafasi. Kila jioni alinitumia ujumbe wa sauti. "Nakusubiri Jumapili. Usiponifikia, namchukua mwingine." Basi la Songea lilikuwa linaondoka Jumamosi alfajiri. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimelala usiku nikifikiria basi, nikaona sitaki kulipanda. Nilikuwa nataka kubaki. Ila kubaki bila kazi, nakula wali wa mjomba na miaka yangu arobaini na ushee, hilo nisingeliweza hata miezi miwili. Najijua.

Kwa hiyo ile barua haikuwa barua tu.

Jioni ile nilikaa barazani na karatasi ya mistari. Mjomba ni fundi cherehani. Cherehani yake iko hapo hapo barazani, na anashona huku masikio yake yako mtaa mzima. Niliandika kama tulivyofundishwa shuleni. Anwani kulia, "Ndugu Meneja", "Yah: Maombi ya Kazi ya Uhudumu", "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kisha nikajaza kazi zangu zote, mji kwa mji, mwaka kwa mwaka. Nilipomaliza, nikamsomea mjomba kwa fahari.

Cherehani ikanyamaza.

"Hiyo," akasema, "ni barua ya kuomba kazi au ratiba ya basi?"

Mkewe, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akacheka mpaka ungo ukamtoka mapajani. "Umesahau tu kutaja wanapochimba dawa."

"Ni uzoefu, mjomba. Wanataka uzoefu."

"Uzoefu wa kuondoka. Mtu akisoma hivyo atakufungia mlango kwa ndani." Akavua miwani. "Nipe nikuambie. Mimi barua za kuomba ndiyo kazi yangu."

Hapo alikuwa amefika mahali anapopapenda. Mjomba ni mshenga. Ukitaka kuposa katika mitaa yetu, na familia yako inataka mtu wa kupeleka barua ya posa, ataitwa yeye. Anayo kanzu ya kazi hiyo, fimbo ya kazi hiyo, na mafuta ya udi ambayo hayagusi siku nyingine. Anajisifu kwamba nusu ya ndoa za mtaa zimepita mfukoni mwake, na kwamba haijarudi posa hata moja, isipokuwa moja, na hiyo walikosea wao.

"Barua ya kuomba haijisifu," akasema. "Inasema mtoto katoka nyumba gani. Inasema ameona nini huko kwenu kilichomvutia. Halafu inaomba. Basi! Unakunja karatasi."

"Lakini hii ni kazi, mjomba, si ndoa."

"Utaamka alfajiri kwa ajili ya nani? Utamwona nani kutwa nzima? Utavumilia hasira za nani?" Akarudisha miwani. "Andika."

Niliandika upya, nikachana, nikaandika tena. Kitu cha ajabu ni kwamba nilipoacha kujisifu mkono ulianza kwenda wenyewe. Nilijaa furaha, ile furaha ya kusema jambo ambalo umelibeba siku nyingi hujui kama ni jambo. Mwisho barua ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na ninaikumbuka karibu yote.

Niliandika: Natoka nyumbani kwa fundi cherehani aliye nyuma ya soko, ambaye ni mjomba wangu, na kwa mama yangu ni Rutamba. Nimefanya kazi kwenye migahawa ya miji mingi na hakuna niliokaa zaidi ya miaka mitatu. Nakuambia mapema usije ukaambiwa na mwingine. Mashine ya kahawa naijua. Leo nilipita mlangoni kwako mkiwa mnakaanga, nikasimama mpaka mtu akaniuliza kama nimepotea. Sikuwa nimepotea. Naomba kazi. Naomba kufanya kazi mahali ambapo nikichoka naweza kurudi nyumbani kwa miguu.

Niliposoma, mke wa mjomba hakucheka. Alisema tu, "Hiyo ipeleke kesho."

Asubuhi nilioga mapema, nikavaa gauni langu la Arusha, nikaiweka barua kwenye bahasha. Nilipotoka barazani nilimkuta mjomba amevaa kanzu. Kanzu ile. Udi ulikuwa umetangulia mbele yake kama tarishi.

"Nani anaposa leo?" nikauliza.

"Wewe. Lete barua."

"Mjomba, hapana."

"Unataka ujipeleke mwenyewe? Mwanamke mzima, una wajomba, utembee na maombi yako mkononi kama muuza karanga? Watasema huna watu."

"Watu wa kazi hawatumi mshenga!"

"Ndiyo maana hawaajiriwi." Akatoa mfukoni leso nyeupe iliyotariziwa pembeni, akaitandaza kwenye meza ya cherehani, akaweka bahasha katikati, akafunga ncha nne kwa fundo dogo zuri. Mkewe akaniminya mkono. "Mwache, mwanangu," akaninong'oneza. "Ukimkatalia atalala bila kula."

Nilimwacha. Na nitasema kweli, nusu ya moyo wangu ilikuwa inakufa kwa aibu, na nusu nyingine ilikuwa inaruka. Sijawahi kupelekwa mahali popote na mtu aliyevaa kwa ajili yangu.

Nilimfuata kwa mbali. Mshenga akipita na kanzu saa tatu asubuhi, Lindi haifanyi kazi tena. Kijiwe cha bodaboda kikasimama wima.

"Shikamoo mzee! Tunakula pilau ya nani?"

"Marahaba. Ya mama yako, anaolewa tena."

"Mzee, nichukulie na mimi binti huko huko!"

"Lipa kwanza deni la pikipiki."

Alipokata kona kuelekea mgahawani, nikasikia mmoja anasema, "Haa, ni yule dada mwenye mgahawa wa kahawa anaposwa," na mwingine akasema, "Nilijua tu, hawezi kukaa pale peke yake." Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilijipenyeza kwenye duka la jirani, la kanga, nikasimama nyuma ya kanga zilizotundikwa mlangoni. Kutoka pale nilikuwa naona mlango wa mgahawa wote, uko wazi, na sauti ya mjomba ni ya mtu aliyezoea kusemea ukumbi mzima.

"Unanunua au unajificha?" akaniuliza mama mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu.

"Najificha."

"Karibu. Ila usiivute hiyo ya njano, rangi inachuja."

Mwenye mgahawa alikuwa dada wa miaka kama thelathini hivi, mtu wa bara, nywele kazifunga kitambaa, aproni ina madoa ya kahawa. Alimwona mjomba akaacha kufuta meza.

"Shikamoo mzee. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa heri. Nimetumwa na watu." Akakohoa. Nilijua anaanza, na nilijua kwamba mdomo wake una hotuba moja tu kwa kazi hii. "Tumepita, tumeona nyumba yenu ina ua zuri linalonukia, nasi tumeshindwa kupita bila kubisha hodi."

Yule dada akaangalia leso. Akaangalia kanzu. Uso ukambadilika.

"Mzee, samahani sana. Mimi nimeolewa. Mume wangu yuko nyuma, anatengeneza bomba."

"Mumeo simhitaji. Nimekuja kwa ajili ya binti yangu."

Yule dada akaweka chini kitambaa cha kufutia meza.

"Binti yako," akasema yule dada polepole, "anataka nini?"

"Kukaa hapa na wewe."

Mama wa kanga akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mimi nilikuwa nimeikumbatia kanga ya njano. Mume wa yule dada akatokea nyuma, mikono ina matope, spana mkononi, akauliza kuna nini, na mkewe akamjibu, "Hata mimi sijui." Hapo tu ndipo mjomba alipoikabidhi leso, kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Yule dada akafungua fundo, akafungua bahasha, akasoma akiwa amesimama. Aliposoma nilimwona mabega yanatikisika. Kicheko kilimtoka, si cha dharau, kicheko cha mtu aliyepata pumzi. Kisha akaendelea kusoma na kicheko kikaisha. Akafika mwisho. Akarudi juu, akasoma tena.

Akainua uso. "Mzee," akasema, "mwambie binti yako kwamba..."

"Hapana!" Mjomba aliinua fimbo kama polisi wa barabarani. "Hapana, mwanangu. Usijibu sasa."

"Lakini mimi nilitaka tu..."

"Haijibiwi leo. Kaa nayo. Ulizana na watu wako. Siku mkiwa tayari, nyumba yetu iko nyuma ya soko, ulizia fundi." Akageuka, akatoka, kanzu ikipepea, uso umejaa kazi iliyofanyika vizuri.

Nadhani nilitoa sauti, maana mama wa kanga aliniuliza kama nimeumwa na kitu. Mwanamke alikuwa amefungua mdomo! Jibu lilikuwa tayari mdomoni, ndiyo au hapana, na mjomba wangu amelirudisha ndani kwa fimbo! Nilimkimbilia barabarani.

"Mjomba, alikuwa anajibu!"

"Nilimwona."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu posa haijibiwi siku inapoletwa. Wakikujibu hapo hapo wamekudharau, hata kama ni ndiyo." Akanipigapiga bega. "Wamesoma mara mbili. Uliona? Mara mbili."

Siku zilizofuata sikukaa sehemu moja. Nilifagia uwanja ambao ulikuwa umefagiwa. Nilimtarizia mjomba kofia, nikafumua. Nilipita mgahawani kwa upande wa pili wa barabara, kichwa chini, nikanusa tu. Mjini habari zilikuwa zimeshakomaa. Sokoni nilisikia kwamba dada wa kahawa kaposwa uke wenza na mwanamke mwenzake. Muuza changu akaniambia kwa huruma kwamba dunia imeharibika. Nilikubaliana naye, nikalipa samaki.

Rafiki wa Songea akatuma ujumbe. Alikuwa amenunua aproni mpya, mbili. Aliimba kidogo mwishoni, kama tulivyokuwa tukiimba Mbeya tukiosha vyombo. Niliusikiliza Alhamisi, nikausikiliza tena Ijumaa asubuhi. Nafasi ile ilikuwa ya uhakika, na aliyekuwa ananipa ni mtu ninayempenda. Ya Lindi ilikuwa imekwama kwenye leso.

Nilimpigia kabla ya swala ya Ijumaa. Nilikuwa nimetoka nje, nimesimama mwisho wa mtaa pale maji yanapoonekana. Nilikuwa nimepanga kumwambia naja. Niliposikia "Haloo, msafiri!" nikamwambia, "Siji."

"Umepata kazi huko?"

"Bado."

"Sasa?"

"Sijui. Mchukue mwingine, dada yangu. Nisamehe. Nataka nijaribu kukaa."

Akacheka, akaniambia ataamini akiniona na mvi hapo hapo Lindi. Nilipokata simu nilikuwa natabasamu peke yangu kama mtu aliyepokea zawadi. Sikuwa na kazi. Sikuwa hata na basi. Lakini nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara.

Alasiri ile tulikuwa barazani, mjomba anatia kitufe, mkewe ananisuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Ndipo tukasikia "Hodi!" ya sauti ya taratibu. Alikuwa mama wa kanga, amevaa doti mpya ya kanga, anatembea mbele. Nyuma yake yule dada wa kahawa, amejitanda mtandio vizuri kabisa. Nyuma yake mumewe, amevaa kofia iliyomzidi kichwa, anaishikilia kwa kidole. Na mikononi mwa mama wa kanga, leso nyeupe.

Mjomba alisimama haraka mpaka kitufe kikaruka. Uso wake! Nilitamani mtu ampige picha.

"Tumekuja," akasema mama wa kanga baada ya shikamoo na maji ya kunywa, "kujibu. Mwenzenu huyu ni mgeni, hakujua taratibu. Alikuja dukani kwangu kuniuliza posa inajibiwaje, nikamwambia mimi nitasimama kama mama yake."

"Mmefanya vizuri," akasema mjomba.

"Barua yenu tumeisoma, na wenyewe wameipenda. Lakini tuna sharti."

Mke wa mjomba aliacha mkono juu ya kichwa changu.

"Binti ametuandikia mwenyewe kwamba ni mtu wa kuondoka. Hatumkatazi. Ila siku akitaka kuondoka, asiondoke kama alivyozoea kwenye miji ya watu. Atume mzee huyu huyu, kwa kanzu hiyo hiyo, na leso hii hii. Na sisi hatutajibu siku hiyo."

Mjomba akaniangalia. Kila mtu akaniangalia, na nusu ya kichwa changu imesimama.

"Nimekubali," nikasema.

"Wewe nyamaza," akasema mjomba. "Mimi ndiye ninayesema." Akajiweka sawa. "Tumekubali. Sasa tuje kwenye mahari."

"Mshahara, mzee," akasema mume wa dada, akishika kofia.

"Ndiyo, huo."

Walipatana pale pale barazani, mjomba na mama wa kanga, kama watu walioanza kazi hiyo wakiwa vijana. Yule dada akajisogeza kwangu mkekani, akaufungua mtandio kidogo, joto lilikuwa linamuua.

"Naomba nikuulize," nikamwambia taratibu. "Siku ile mjomba alipokuzuia, ulikuwa unataka kusema nini?"

"Si nilikuwa nasema uje kesho yake asubuhi!" akajibu. "Mashine ilikuwa imenishinda toka Jumatatu."

Niligeuza kichwa kumtazama mjomba mlangoni. Alikuwa amesikia. Aliinama, akaanza kutafuta kitufe chake kwa bidii sana.

Jumamosi alfajiri basi la Songea lilipiga honi stendi, na mimi nilikuwa natembea kwenda upande wa pili, funguo za mgahawa mkononi. Nilipasha mashine. Ikapumua kama ile ya Arusha, na nikacheka peke yangu gizani. Mteja wa kwanza alikuwa mjomba, na kanzu yake. Nilimtengenezea kahawa ya maziwa yenye povu. Aliiangalia, akalipuliza povu pembeni kama takataka, akanywa, akasema imekosa uchungu. Kisha akainuka aondoke.

"Mjomba, hujalipa."

"Mkwe halipi," akasema, akatoka.

Jioni niliporudi kwa miguu, nikiwa nimechoka na nanuka kahawa mpaka kwenye nywele, niliinama chini ya kitanda kutafuta ndala. Begi halikuwapo. Nguo zangu zilikuwa zimekunjwa kabatini, karibu na za mke wa mjomba. Yeye alikuwa jikoni.

"Begi lako nimelitia vipande vya kitambaa vya mjomba wako," akasema bila kugeuka. "Vilikuwa vimejaa sakafu nzima. Au unalihitaji?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Lijaze tu."